Sto-e-shio ama ste-kyo? Neno moja ya shimi na barua zenu nne

SWALI (mwanafunzi wa 6e Chimie-Biologie, Katindo, Goma)
Mwalimu, jambo yako. Niko finaliste. Mwanzo wa mwaka tulipata profu mupya wa shimi, siku ya kwanza akaandika ku tablo «coefficients stoechiométriques» akasoma sto-e-shio-metrik, sisi wote tukarudilia vile na mwaka muzima tukaendelea vile. Sasa juzi nilikuwa kwa yaya yangu mwenye anasoma polytechnique, nikamusomea intero yangu, akacheka mpaka machozi, ati ni ste-kyo. Nikamuuliza ste imetoka wapi na sioni é hapo mwanzo, na hiyo k imetoka wapi, akanijibu «njo vile» tu. Njo vile si jibu. Oral ya français inakaribia, na tena nikikata hilo neno vibaya ku mwisho wa mustari profu wa français anapiga biki nyekundu. Inasomwaje na inakatwa wapi?

JIBU
Mdogo wangu, yaya yako anasema kweli, ila angepunguza kicheko maana hiyo «njo vile» yake inaonyesha na yeye alikariri tu. Stoechiométrie, neno lenyewe la kupima elementi mu shimi, ni ste-kyo-me-tri. Silabi nne, basi. S na T zinatoka pamoja bila kuwekewa kitu mbele wala katikati, usiseme estekyo wala sitekyo, halafu uzito wa sauti unakaa ku silabi ya mwisho, TRI, haukai ku ME. Hapo njo wengi wetu tunajulikana hata kama herufi zote tumezisoma sawa, juu Kiswahili kinakanyaga silabi ya pili toka mwisho, sisi tunasema GO-ma, Mfaransa akishuka ku uwanja wa ndege anasema go-MA na unajua tu huyu ni mgeni. Na yeye akitusikia na stekyo-ME-tri yetu anajua vile vile.

Sasa hiyo «sto-e» ya profu. Sitamsema vibaya, kosa naona lilianzia ku klavye kabla halijafika kwake. Neno likiandikwa vizuri lina œ, yaani o na e zimeshikana zikawa herufi moja: stœchiométrie. Lakini ku klavye ya kawaida ya kompyuta hakuna kifungo cha œ, na ule mpangilio wa herufi uliotumika sana ku kompyuta za zamani, unaitwa Latin-1, uliweka é, uliweka ç, hata ñ ya Wahispania uliweka, œ ukaiacha nje. Basi watu wakazoea kuandika o na e mbalimbali, silabusi ikapigwa fotokopi, fotokopi nayo ikapigwa fotokopi, mwishowe mwalimu anaona o, anaona e, anazisoma vile sisi tunasoma lugha yetu, kila vokali na silabi yake. Ku simu ni rahisi, finya o bila kuachilia, œ itatokea. Watoto wa Ufaransa wanafundishwa kuiita «e dans l'o» na wanacheka sana, juu ukiitamka haraka ni kama unasema mayai ndani ya maji, œufs dans l'eau.

Ukiiona, angalia kwanza inafuatwa na nini. Ikifuatwa na u kama mu sœur, cœur, œuf, unasoma eu ya kawaida, na œil nayo iko ku familia hiyo. Lakini ikiwa haina u nyuma, na neno lenyewe ni la sayansi, karibu kila mara limetoka ku Kigiriki likapitia ku Kilatini, na hapo kanuni ya zamani ni é. Fœtus ni fé-tus, œsophage inaanza na é, œdème nayo. Kwa hayo mawili ya mwisho utasikia hata madaktari wakubwa wanasema eu, na kamusi za leo zimeanza kuonyesha njia zote mbili, kwa hiyo usiende kugombana na mtu hospitalini. Kuna moja naipenda sana, cœlacanthe, yule samaki wataalamu walifikiri aliisha pamoja na dinosauri mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938: ile é inalainisha c iliyo mbele yake, inakuwa se-la-kant, wala si ko-e.

Na sasa ona mtego wenyewe, juu uliniandikia maneno mawili. Coefficients stoechiométriques. Kuna o-e mbili zinafuatana mu mustari moja na hazisomwi sawa! Coefficient ni co-, maana yake pamoja, imebandikwa ku efficient, o ni ya huku na e ni ya kule, hazijawahi kushikana, unasoma ko-e-fi-syan, silabi nne, na hapo profu wako yuko sawa kabisa. Ile ingine ni herufi moja. Silabusi isiyo na œ inafanya hizo mbili zifanane kama mapacha, na mimi ningekuwa préfet, yaani mkuu wa shule, pointi ningemukata aliyepiga silabusi, mwanafunzi ningemuacha.

Hiyo k nayo ni Kigiriki. Chlore, chrome, choléra, écho, technique, psychologie, zote ch yake ni k. Utaniambia basi chimie yenyewe mbona tunasema shimi? Neno hilo lilizunguka njia ingine, lilipita kwa Waarabu, al-kimiya, likaingia Ulaya ku Kilatini cha wakati ule, na huko Ufaransa likavaa sh, ndugu zetu wa Tanzania wanasema kemia na k yao iko salama. Kama unataka kitu cha kushika: ch ikifuatwa na l, r ama n soma k bila kuogopa. Ikifuatwa na vokali, pole, lazima ulijue neno.

Aliyelitunga alikuwa mkemia Mjerumani, Jeremias Benjamin Richter, mwaka 1792. Alichukua stoikheion, elementi, na metron, kipimo. Ona hiyo oi ya stoikheion: Kilatini kilikuwa na desturi ya kuigeuza oi ya Wagiriki kuwa oe, oe ikawa œ, œ ikasomwa é. Njo safari ya ile é uliyokuwa unaitafuta. (Na msimchanganye na Richter wa «échelle de Richter» tunayemtaja kila siku ardhi ya Goma ikicheza, yule ni Charles Richter, Mmarekani, na skeli yake ni ya 1935.)

Kwa hiyo neno lenyewe linasema kipimo cha elementi, na ukilielewa hivyo halikutishi tena. Chukua méthane, gesi iliyo mu ziwa letu la Kivu. Ukiiwasha, CH4 moja (njo méthane) inataka O2 mbili (oksijeni), inatoa CO2 moja (gesi ya kaboni) na maji mawili. Hizo moja, mbili, moja, mbili njo coefficients stœchiométriques. Ku mizani inakuwa gramu 16 za méthane na gramu 64 za oksijeni, jumla 80, na upande wa pili gramu 44 za CO2 na gramu 36 za maji, 80 tena, hakuna kilichopotea. Mama yako anapopima maji na unga wa bugali anafanya stœchiométrie, ila yeye anapimia na jicho.

Tuje ku kukata. Ku kaye kata hivi: stœ-chio-mé-trie. Usikate kati ya chi na o, Kifaransa hakipendi kukata mahali vokali mbili zinakutana, isipokuwa ku mshono wa kiambishi kama rétro-actif. Usitenganishe o na e ya stœ- hata kama klavye imekulazimisha kuziandika mbalimbali. Kama mustari unakupa nafasi ya kuchagua, kata stœchio-métrie, juu hapo njo Wagiriki wawili wanashikana, na msomaji akiona métrie peke yake chini anajua tayari ni kipimo cha kitu. Kwa mengine: konsonanti moja kati ya vokali mbili inaenda na vokali ya nyuma, mé-thane, zikiwa mbili zinaachana, vol-can, ila l na r zinashikilia mwenzao wa mbele, njo maana ni mé-trie, si mét-rie, ch, ph, th na gn zihesabu kama moja. X iliyo kati ya vokali usiiguse, andika oxy-gène. Na usiache herufi moja peke yake ku mwisho wa mustari, é halafu chini lectron, inaonekana kama imeanguka.

Jambo la mwisho kwako, chio ni silabi moja namna gani? Wengi wanasoma ki-o juu ku kioo tunasema ki-o-o. Lakini jiulize, vi na ote zikikutana tunasema vi-ote? Tunasema vyote. I imeona inafuatwa na vokali ikageuka y, silabi mbili zikawa moja. Kifaransa kinafanya hivyo hivyo ku chio, inakuwa kyo. Inakataa tu kama mbele ya i kuna kifundo kama tr, cl, pr, njo maana triangle ni tri-angle na client ni cli-ent, mdomo unahitaji pumzi hapo.

SWALI (mama wa watoto watano, Majengo)
Mwalimu, samahani kama swali ni dogo. Mutoto wangu wa primaire alipewa kuhesabu silabi za «photosynthèse», mwalimu wake amesema tano. Kaka yake wa université anasema nne. Wamegombana mpaka bugali ikapoa. Nani ana haki?

JIBU
Mama, swali si dogo hata, na wote wawili wana haki, kila moja anahesabu kitu chake. Mwalimu anahesabu ku karatasi: pho-to-syn-thè-se, tano. Kaka anahesabu ku mdomo: fo-to-sen-tez, nne, ile e ya mwisho imelala. Mu Ufaransa kuna batu ba kusini mwenye bado wanaisikilizisha kidogo, kwa hao hata mdomoni ni tano. Ku primaire wanafundisha hesabu ya karatasi juu inasaidia mutoto kuandika, na hiyo mie naikubali, ila wangekuwa wanasema wazi kwamba kuna hesabu mbili. Ukimpatia méthane, karatasi ni tatu, mdomo ni mbili. Oxygène, nne na tatu. Mwambie mdogo apige makofi ku kila silabi huku anatamka kwa kawaida, halafu aandike, ataona mwenyewe fasi gani makofi yamepungua.

Shida inatoka ku lugha ya nyumbani. Kiswahili hakina herufi inayolala, kila vokali inakula na inafanya kazi, silabi yetu karibu siku zote inaisha na vokali, kwa hiyo mutoto wetu akisoma Kifaransa anaamsha hata walio usingizini na kusema fo-to-sin-te-ze. Na syn hiyo ni ya puani, kama sen ambayo n yake haifiki ku ulimi, na th ni t tu, si th ya thamani. Kule Tanzania na Kenya mtoto wa rika lake anaandika usanisinuru, u-sa-ni-si-nu-ru, sita ku karatasi na sita ku mdomo, na bugali haipoi.

SWALI (infirmier, Kadutu, Bukavu)
Mwalimu, sisi ku kazi tunasema trachée na sh, halafu dokta akisema trachéotomie anatia k. Nilifikiri anajionyesha. Bronche na bronchoscopie pia vile vile. Na oto-rhino-laryngologiste ni silabi ngapi, juu wagonjwa wananiuliza wapi pa kwenda na naishia kusema ORL?

JIBU
Hajionyeshi, ndugu yangu, hivyo njo inavyosemwa. Trachée na bronche ni maneno yaliyozeeka ndani ya Kifaransa, wananchi waliyatumia mpaka ch ikalainika kuwa sh. Trachéotomie na bronchoscopie zimejengwa na wataalamu moja kwa moja juu ya Kigiriki, hazikupita sokoni, zikabaki na k. Lakini usifanye kanuni ya chuma, bronchite ni ya wataalamu pia na inasemwa na sh, chirurgie imetoka ku Kigiriki kheir, mkono, na hakuna mtu anasema kirurgie. Mgonjwa wa choléra na mgonjwa wa bronchite wanalala vitanda viwili vinavyofuatana na ch zao hazielewani, hayo ndiyo maisha.

Oto-rhino-laryngologiste: o-to-ri-no-la-ren-go-lo-jist, tisa za mdomo, kumi za karatasi. Sikio, pua, koo, yote mu pumzi moja. Watu wanakwama ku laryn-go, wanasema laranjo ama larinjo, g hapo ni ngumu juu inafuatwa na o. Inalainika mbele ya e, i na y tu, kama kule mwishoni ku -giste. Ku fishi ya mgonjwa, vistari viwili vilivyopo njo fasi ya kwanza ya kukata, usiongeze cha tatu ukiwa hujalazimika. Na ORL si aibu, hata Wafaransa wenyewe wanasema ORL.

Umeniuliza pia kando ya karatasi juu ya hélicoptère. Ukikata kwa sauti ni hé-li-cop-tère, ukikata kwa Kigiriki ni hélico-ptère, juu pteron ni bawa na p ni yake. Njia zote mbili zinakubalika kwa maneno ya namna hiyo, kama vile at-mos-phère na atmo-sphère. Mie nachagua ya Kigiriki kila mara ikiwa haileti mwanzo wa ajabu ku mustari, na pt- kusema kweli inaleta, kwa hiyo hapo nakata hélicop-tère bila haya.

SWALI (msomaji, njia ya Sake)
Kwa redio nilisikia mtaalamu mzungu anasema «le mazükü», halafu ku bango moja nikaona mazoukou. Sasa hata neno letu tunafundishwa kulisoma? Na nikiandika Nyiragongo, volkano yetu, mu dissertation, naikata wapi?

JIBU
Usikasirike haraka. U ya Kifaransa ni ile ya kubana midomo, huyo mtaalamu aliona u akaisoma kwake, kama profu wa Katindo alivyoona oe akaisoma kwetu. Aliyeandika mazoukou alitaka tu kumsaidia Mfaransa aseme u yetu. Lakini wanaosomea volkano duniani wamelichukua neno lenyewe kama lilivyo, mazuku, na sisi hatuna sababu ya kulibadilisha: ma-ZU-ku, uzito katikati. Ni ile CO2 inayotoka ardhini na kulala mu mashimo na mabonde kando ya ziwa na juu ya lava za zamani. Inalala chini kwa sababu ni nzito, ile 44 tuliyoipata ku hesabu ya méthane hapo juu, na hewa tunayovuta ni kama 29, kwa hiyo inazama kama maji na inawashika kwanza mbuzi, kuku, na watoto wenye kuchezea mu shimo.

Nyiragongo ni utamu. Sisi tunasema Nyi-ra-go-ngo, ngo ni kitu kimoja, n inaingia ndani ya g. Mfaransa anasema nyi-ra-gon-go, n anaiacha nyuma na kuipeleka puani. Ukikata go-ngo profu wa français atapiga mustari, ukikata gon-go bibi yako hatalitambua. Andika Nyira-gongo, hapo hakuna wa kulalamika.